Naftali Kisia, Fundi Aliyezilaza Pikipiki Msimu wa Joto

Wasifu uliosomwa na mdogo wake, Dancan Kisia, katika makaburi ya Kikristo ya Jebel Ali, Dubai, Jumamosi tarehe 23 Agosti 2025

Mtu tuliyemsindikiza hapa asubuhi hii ni Naftali Zakayo Kisia. Alizaliwa Jumapili tarehe 14 Aprili 1985 katika kitongoji cha Lyanaginga, Vihiga, magharibi mwa Kenya. Alikuwa mtoto wa pili kati ya wanne wa marehemu Mzee Zakayo Kisia na Mama Rasoa Kageha. Mama husimulia kwamba uchungu ulimshika watu wote wakiwa kanisani, na aliyebaki kijijini alikuwa jirani mmoja tu, ambaye Mama alikuwa hasemezani naye kwa sababu ya kuku. Jirani huyo ndiye aliyempokea Naftali mikononi. Walipatana siku hiyohiyo, na hawakugombana tena.

Mzee Zakayo alikuwa na kinu cha dizeli cha kusaga mahindi pale sokoni. Naftali alikulia miguuni pa injini hiyo. Kabla hajajua kusoma, alikuwa tayari akimwambia baba yake, "Leo inakohoa," na mara nyingi ilikuwa kweli.

Aliingia darasa la kwanza mwaka 1992 katika shule ya msingi ya kijijini na kumaliza mwaka 1999. Kidato cha nne alimaliza mwaka 2003, mwaka ambao baba yetu alifariki. Asubuhi alifanya mtihani, jioni alisaga mahindi ya watu, na alifaulu kiasi cha kuridhisha. Mwaka 2005 alijiunga na chuo cha ufundi Kisumu kusomea magari. Lakini ndiyo miaka ambayo waendesha bodaboda wa Kisumu walikuwa wakiacha baiskeli na kununua pikipiki, na wengi hawakujua hata mahali pa kutia oili. Naftali aliyaacha magari. Alifungua kibanda katika mtaa wa Kondele, akatengeneza pikipiki hapo mpaka alipopata safari ya Ghuba.

Alitua Dubai tarehe 9 Septemba 2011, akaanza kwa kupakia na kupakua mizigo kwenye ghala la eneo huru la biashara la uwanja wa ndege. Hakuipenda kazi ile, ila hakuilalamikia. Siku moja mteja aliyekuja kuchukua vipuri alikuta boksi limepasuka, akalaani kwa Kiswahili safi cha Unguja. Naftali, aliyekuwa amebeba upande wa pili wa boksi, alicheka.

"Ala! Nawe waelewa?" mteja akamuuliza.

"Naelewa, bosi. Na hizo breki ulizoletewa si za pikipiki iliyoandikwa hapo nje. Zitakusumbua."

Mteja huyo alikuwa Bwana Ghanim, mzaliwa wa Dubai, ambaye wazazi wake walitoka Zanzibar. Ana gereji ya pikipiki katika mtaa wa Al Quoz. Mkataba wa ghalani ulipokwisha, Januari 2014, Bwana Ghanim alimhamishia Naftali kwake, na wamekuwa pamoja tangu hapo. Leo Bwana Ghanim ameifunga gereji, na yuko hapa miongoni mwetu.

Kazini, Naftali alikuwa mpole na mgumu kwa wakati mmoja. Alisema pikipiki isiyowaka inakosa kimoja kati ya vitatu: mafuta, moto au hewa. Mtu asipouliza maswali yake kwa mpangilio huo atafungua injini nzima bure. Yaqoub, anayepeleka vyakula vya watu kutoka mtaa wa International City, aliwahi kumjia asubuhi tatu mfululizo na pikipiki iliyokufa. Kila mtu alimwambia anunue betri mpya. Naftali alifungua kifuniko, akakuta unga mweupe kwenye vichwa vya betri na waya mmoja umelegea. Aliosha kwa maji ya moto na mswaki mkuukuu, akakaza, akapaka grisi, na pikipiki ikawaka. Halafu alikataa kumpa funguo, kwa kuwa tairi la nyuma lilikuwa limelika likawa kama kipara. Yaqoub alikasirika, akampigia kelele mbele ya wateja. Naftali alimletea kiti na chai, akaendelea kubadilisha tairi.

Ndoa yake na Agneta Nanjala ilianza na aibu. Ilikuwa mchana wa Machi 2014. Naftali alikuwa akiijaribu pikipiki ya mteja barabarani ilipomzimikia mbele ya lango la ghala moja hapohapo Al Quoz. Agneta alikuwa mlinzi wa lango hilo. Alimtazama akifungua tangi, akitoa plagi, akikagua fyuzi, akirudisha plagi, jua likimchoma kisogo. Mwishowe alimwonea huruma, akatoka na chupa ya maji.

"Kaka, kunywa kwanza."

"Asante, dada. Hii kitu imekataa kabisa."

"Na hicho kidude chekundu hapo kwa mkono ni cha nini?"

Naftali akatazama. Ilikuwa swichi ya kuzima injini, na ilikuwa imezimwa. Mkono wa koti lake ulikuwa umeigusa wakati akikata kona. Aliirudisha, akabonyeza stata, pikipiki ikanguruma mara moja. Alimgeukia, akasema, "Tafadhali usimwambie mtu."

"Nimwambie nani? Hata jina lako silijui."

"Naftali."

"Haya, Naftali. Nitamwambia kila mtu."

Kesho yake Naftali alirudi langoni na chapati mbili, na kesho kutwa pia. Kila fundi mpya aliyefika kwa Bwana Ghanim alifundishwa swichi nyekundu kabla ya kitu kingine chochote, na Naftali hakuficha alikoyajulia hayo. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 19 Desemba 2015, katika kanisa la kijijini Lyanaginga, wakarudi Dubai kuishi katika chumba kimoja cha nyumba ya kushirikiana, International City.

Mtoto wao wa kwanza alizaliwa tarehe 3 Oktoba 2016, kabla ya wakati wake. Walimwita Zakayo. Aliishi mpaka kesho yake mchana. Alizikwa hapa, kwenye makaburi haya. Jeneza lilikuwa dogo kiasi kwamba hapakuhitajika gari maalumu. Naftali alilipakata magotini ndani ya gari la Bwana Ghanim, mkono mmoja juu ya kifuniko, njia nzima, kama mtu anayemzuia mtoto asianguke gari likikata kona. Baada ya hapo, kila siku ya mapumziko alikuja hapa na chupa ya maji na kitambaa, akafuta mchanga kwenye jiwe. Mara nyingine Agneta alikuja naye. Mara nyingine hakuweza.

Tarehe 21 Juni 2018 walimpata Martina. Wote wawili walikuwa kazini na chumba kilikuwa cha watu wengi, hivyo mtoto alipotimiza mwaka mmoja alipelekwa nyumbani kwa nyanya yake, Mama Rasoa. Naftali alimwona kwa macho mara chache, wakati wa likizo, na kila jioni kwa simu. Martina ndiye aliyekuwa akimpangia mazungumzo: leo tunaongea juu ya ng'ombe, leo juu ya mwalimu. Watu wote walianza kumwita Agneta "Mama Martina," kama ilivyo desturi. Naftali hakubadilika. Mpaka siku ya mwisho alimwita Mama Zakayo.

Ugonjwa ulianza na miguu. Katikati ya mwaka 2023 viatu vyake vya kazi vilianza kumbana jioni, naye akasema ni kusimama. Agneta alimwambia aende hospitali, akasema ataenda msimu wa joto ukiisha, wateja wakipungua. Alikwenda Oktoba. Daktari alimweleza kwamba figo zake zote mbili zilikuwa zimechoka sana. Tangu hapo alisafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Agneta alipimwa ili atoe figo yake, ikaonekana haimfai. Siku alipopewa jibu hilo alikaa kituo cha basi, mabasi yakapita, hakupanda hata moja. Mimi nilipimwa nyumbani, na yangu haikumfaa pia.

Aliendelea kufanya kazi. Bwana Ghanim alimwekea kiti kirefu na feni pembeni ya meza ya vipuri, akawaambia wafanyakazi, "Khalas, basi, huyu hainui kitu. Mkimwona ameinua, mimi nanyi." Naftali akawa anatengeneza kwa macho na kwa mdomo.

Kila Juni wenye pikipiki kubwa hulikimbia joto la Dubai, na pikipiki zao hulazwa gereji mpaka warudi. Kazi hiyo ilikuwa ya Naftali. Mteja mmoja kutoka Ufini aliwahi kumwambia kwamba kwao huzilaza wakati wa baridi, theluji inapoanguka. Naftali alicheka mpaka akaketi. "Kumbe ni kazi ileile," alisema. "Wao wanazificha zisionwe na theluji, sisi tunazificha zisionwe na jua."

Juni ya mwaka huu mikono yake ilikuwa haina nguvu hata ya kushika spana. Agneta alikuja gerejini kila siku yake ya mapumziko, akavaa ovaroli ya mumewe, akakunja mikono yake mirefu. Naftali aliketi chini ya feni akimwelekeza, pikipiki ya kwanza ikiwa imeshaoshwa.

"Umekausha?"

"Nimekausha."

"Hata chini ya kiti?"

Agneta alirudi na kitambaa.

"Sasa iwashe ipate joto kidogo, ndiyo umwage oili."

"Si bado nzuri? Angalia rangi."

"Imeshatumika, ina uchafu. Ikikaa humo mpaka Oktoba inakula chuma polepole. Weka mpya. Tangi limefika wapi?"

"Nusu."

"Jaza pomoni. Ile nafasi tupu ndiyo inayokaribisha unyevu, halafu kutu. Tia na ile dawa ya kuzuia petroli isiharibike, uwashe tena ifike mpaka ndani."

Agneta alitoa betri, akaiunga kwenye chaja ya polepole. Alijaza magurudumu upepo, akaiinua pikipiki kwenye stendi ili tairi zisikae upande mmoja miezi yote. Alipaka cheni mafuta, akaziba mdomo wa eksozi kwa kitambaa kuzuia mchanga na wadudu. Alipochukua nailoni aifunike, Naftali aliinua mkono. "Hiyo itaitoa jasho. Lete shuka la pamba."

Siku moja pikipiki ilikataa kuwaka baada ya kutiwa dawa. Agneta alimtazama mumewe, naye akasema tu, "Anza."

"Swichi nyekundu iko sawa."

Naftali alicheka kwa sauti. Agneta anasema huo ulikuwa mcheko wake wa mwisho wa namna hiyo.

"Mafuta yapo," Agneta akaendelea. "Taa zinawaka, stata inazunguka. Basi ni moto." Alitoa plagi, akaikuta imelowa petroli. Aliifuta, akaianika kwenye feni, akairudisha, na injini ikawaka. Hakufurahi. Alisimama pale na kitambaa mkononi, akasema, "Usinifundishe kama mtu anayeaga."

"Siagi, Mama Zakayo. Nakufundisha kama mtu aliyechoka."

Pikipiki hizo bado zimelala gerejini, zimefunikwa. Wenyewe watarudi Oktoba, na Bwana Ghanim amemwomba Agneta aje aziamshe.

Julai moyo wa Naftali ulianza kushindwa. Alilazwa, na akiwa kitandani alimpigia Mama simu. Mimi nilikuwa nyumbani, nimeketi kando ya Mama, nikasikia yote. Alimwomba akifa azikwe Dubai.

"Hapana," Mama alisema. "Nafasi yako iko hapa kando ya baba yako. Siwezi kumwacha mtoto wangu kwenye mchanga wa watu."

"Mama, Zakayo yuko huku."

"Mtoto wa siku moja hajui kama yuko peke yake."

"Mimi najua, Mama. Agneta siku moja atarudi nyumbani. Mtoto atabaki na nani wa kumfutia hata jiwe?"

Mama akauliza, "Na huyu Martina? Huyu atalilia kaburi gani? Huko una mmoja, na huku una mmoja."

 Tulimsikia Naftali akipumua. Mwishowe alisema, "Sijui, Mama. Kweli sijui," na simu ikakatika.

Kwa zaidi ya wiki Mama hakupiga. Hakula vizuri, na hakutaka mtu yeyote amtajie jambo hilo. Asubuhi moja alitoka kukamua ng'ombe, akanawa mikono, akampigia Agneta.

"Martina yuko na mimi," alisema. "Ana wewe, ana shangazi zake, ana kanisa zima. Yule mwingine hana mtu. Mwambie mume wako nimekubali. Lakini sitamzika mwanangu kwa simu. Nakuja, na mtoto nakuja naye."

Agneta alimweleza Naftali maneno hayo neno kwa neno. Naftali aligeuza uso ukutani akalia, kwa mara ya kwanza tangu ile Oktoba ya 2016. Alipotulia alisema, "Mama hajawahi kupanda ndege." Tangu siku hiyo hakuzungumza jambo lingine. Alitaka Mama apewe kiti cha dirishani. Alitaka Martina aje na sweta, kwa kuwa ndani ya ndege kuna baridi. Tiketi zilikuwa za tarehe 19 Agosti, shule zikiwa zimefungwa, naye alimwambia daktari, bila kubembeleza, kwamba tarehe hiyo ana wageni.

Asubuhi ya Jumatatu tarehe 11 Agosti Agneta alitoka kazini zamu ikiisha, akaenda moja kwa moja hospitali. Alimkuta macho. Alimpaka mafuta miguuni, kama alivyofanya kila siku.

"Martina atakuwa amefika wapi kwa urefu?" Naftali akauliza.

Agneta alisimama, akaweka kiganja hewani, usawa wa mbavu zake.

"Ongeza. Hiyo ni ya mwaka jana."

Agneta aliinua mkono kidogo.

"Uache hapohapo," Naftali alisema. "Nimwone."

Agneta aliuacha mkono wake hapo, hewani, huku akimtazama akitazama. Baadaye Naftali alifumba macho, na Agneta alidhani amelala. Saa nne kasorobo wauguzi walimwambia ameondoka. Alikuwa na umri wa miaka arobaini.

Hatukubadilisha tiketi. Tulitua tarehe 19 kama alivyotungoja, Mama, Martina na mimi. Mama alikaa dirishani. Martina alivaa sweta, na alikataa kulivua hata tulipotoka nje kwenye joto, kwa sababu ni baba yake aliyesema alivae. Agneta alipomwona mlangoni mwa uwanja wa ndege hakukimbia kumkumbatia. Alisimama akimpima kwa macho, kuanzia miguuni mpaka kichwani, kisha akaketi chini pale sakafuni mbele ya watu wote, na mtoto akamwendea.

Jana asubuhi Mama aliomba aletwe hapa kabla ya maziko. Kaburi la Naftali lilikuwa limeshachimbwa. Hakulitazama. Alipita akaenda kwenye lile dogo lililo kando yake, akapiga magoti kwenye mchanga. Alichukua leso yake akalifuta jiwe, taratibu, herufi moja baada ya nyingine. Halafu aliongea kwa Kimaragoli, kwa sauti ya chini ambayo mtu humwamshia nayo mtoto.

"Zakayo, mimi ni nyanya yako. Nimechelewa kuja. Sogea kidogo, mjukuu wangu. Kesho baba yako anakuja."

Naftali amemwacha mkewe Agneta Nanjala, binti yake Martina, mama yake Rasoa Kageha, dada zake wawili, Selina na Jerida, nami mdogo wake Dancan. Amewaacha pia Bwana Ghanim na mafundi wote wa gereji, Yaqoub na waendesha pikipiki wenzake waliosimama kule nyuma na kofia zao mikononi, na majirani wa International City waliokesha na familia.

Mungu aliyempa Naftali pumzi ampe sasa usingizi mtulivu, yeye na mwanawe.